Tanget za Ukingoni: Maisha ya Mzee Gigmai Dage, 1961–2023

Wachungaji, wajomba zetu wa Dengaku, majirani na waombolezaji wote, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa hapa Dengaku, mkoa wa Chimbu, mtoto wa kwanza wa Dage na Kuglame, ingawa hapa hapakuwa kwao, kwani babu alikimbia vita vya ukoo wake akapokelewa na shemeji zake, nasi tunalima viazi kwenye ardhi ya wajomba hadi leo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1969, akajifunza useremala Goroka kuanzia 1978 hadi 1980, akajenga madarasa na makanisa ya mkoa huu mpaka alipostaafu mwaka 2016. Alifunga ndoa na mama yetu, Dorin Waim, tarehe 12 Septemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, Tobias, Elsi na mimi, Nime.

Mwaka 2019 alijitolea kujenga kambi ya vijana wa kanisa kule juu mlimani, mahali tulipopewa na wajomba, akasimamisha mabweni mawili, akayaezeka nyasi, akachimba vyoo, na kwa kuwa njia ya chooni hupita ukingoni mwa genge na ukungu hushuka kabla ya saa tisa alasiri, akapanda tanget, ile mimea ya majani mekundu, ukingo mzima, ili watoto wayaone majani hayo wasianguke, akiwa amesahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba kwetu tanget ndiyo mpaka, na anayeipanda anasema shamba ni lake.

Mjomba wake, mzee Kagl Siune, kaka wa bibi Kuglame, alimwambia mbele ya kanisa zima, "Mpwa, tumekupa pa kusimama, sasa unataka na pa kulala? Ng'oa!" Baba akamjibu, "Mjomba, ukungu hauulizi shamba la nani," watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu zaidi, kwa maana baba hakung'oa, mjomba hakuruhusu kambi ifunguliwe, na miaka minne nyumba hizi mbili zikaonana moshi zisipeane hata kiazi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Julai mwaka huu, akiwa hawezi tena kutembea, alimtuma mama, "Kamwambie mjomba akazing'oe mwenyewe, ila aende ukungu ukishashuka." Mjomba alisita, kisha tarehe 9 Agosti akapanda na fimbo yake ukungu ukiwa umeshuka, akaongozwa na majani yale mekundu, akarudi bila jani hata moja mkononi, na kesho yake asubuhi akaja kwetu akiswaga nguruwe wa kupatana, lakini alipofika mlangoni tulikuwa tumeshaanza kulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani, na maseremala wenzake waliomtengenezea jeneza. Tunakushukuru na wewe, babu Kagl, uliyesema kambi ifunguliwe Desemba na tanget zisiguswe, neno ambalo tungetamani baba alisikie, na uliyetuonyesha mwenyewe mahali pa kaburi, na sasa umeshika tanget ya kupanda kichwani pake.

Baba, umepewa pa kulala. Pumzika kwa amani.