Macho ya Njano Niliyoyaficha

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Wengi mnanijua, Mama Wambui wa mtaa wa Skuta, ninayeuza karoti katika soko la Karatina. Kwa miaka mingi nimeongoza maombi ya akina mama hapa kanisani. Leo sikuja kuongoza. Nimekuja kusema ukweli.

Dada yangu Wairimu alipasuliwa nyongo tukiwa wasichana. Alikatwa tumbo mkato mrefu, kidonda kikaoza, tukamzika. Nikaapa kwamba kisu hakitanigusa. Mliponisikia nikifundisha ati mwenye imani hapasuliwi, haikuwa imani, ndugu zangu. Ilikuwa woga!

Mwaka jana maumivu yalianza chini ya mbavu, upande wa kulia. Yakija, nilipiga magoti nyuma ya magunia, wateja wakidhani naomba. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mwili ukaniwasha mpaka nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Macho yakawa njano, nikanunua miwani nyeusi. Mkaniuliza, nikasema ni vumbi la soko. Mungu anisamehe!

Asubuhi moja homa ilinitetemesha nikashindwa kushika kikombe. Mume wangu, mtu asiyependa maneno mengi, alinivua ile miwani akanitazama sana.

"Mama Wambui, umeniombea miaka hii yote. Leo mimi ndiye nakuomba wewe. Twende hospitali."

"Baba Wambui, watanikata kama Wairimu!"

"Tumuulize daktari kwanza. Kuna ubaya gani?"

Tukaenda. Daktari alikuwa msichana, rika la binti yetu Wambui. Nilimweleza habari za dada yangu, wala hakunicheka. Alichora ini na mrija wa nyongo kwenye karatasi, akanionyesha mahali mawe ya nyongo yalipouziba.

"Mama, nitatoboa matundu manne madogo, niingize kamera, niyatoe mawe nikitazama kwenye skrini. Hatari ipo, sikufichi. Lakini ukirudi nyumbani hivi, utakufa."

Walitibu homa kwanza. Kisha nikaweka sahihi ya kukubali upasuaji. Waliponilaza kwenye meza ya upasuaji, maneno yote ya maombi yalinipotea. Nilisema tu, "Yesu, naogopa." Ndugu zangu, sikuwa nimeomba kwa ukweli namna hiyo kwa miaka mingi!

Nilipoamka nilipapasa tumbo nikitafuta ule mshono mrefu. Nikakuta plasta nne, ndogo ndogo. Nililia kwa furaha. Halafu nikamlilia Wairimu, kilio ambacho sikuwahi kumlilia. Siku ya tatu nilikuwa nyumbani, nikinywa uji kwenye jua.

Namshukuru Mungu aliyempa binti yule akili na mikono. Na ninyi akina mama niliowaambia mvumilie tu, mbele ya kanisa hili naomba mnisamehe.

Kama umekaa hapo na umebeba maumivu kwa siri, mtegemee Bwana, na usiende peke yako. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Nishike mkono. Tutaomba, na kesho asubuhi nitakusindikiza hospitali.