Mama wa Popo Huyu

Katika tramu ya asubuhi, ile treni ya barabarani hapa Melbourne, mama mmoja wa makamo alikaa mbele yangu amempakata popo mchanga. Alikuwa amemviringisha kitambaani na kumtia chuchu bandia ya mtoto mdomoni, kama wanavyofanya wote wanaolea popo yatima. Kijana aliyeketi kando yake na daftari la chuo kikuu hakusogea. Nilimsifu moyoni, mimi nilikuwa nimeshasogea.

"Mama yake aliuawa na lile joto kali la Jumamosi?" kijana akauliza.

"Ndiyo. Niliokota popo mia mbili waliokufa chini ya miti, mwanangu. Huyu nilimkuta bado amemng'ang'ania mamake. Wewe unasomea nini?"

"Hayo hayo. Tunapima vifo vingapi vya joto vimeletwa na moshi wetu sisi binadamu, na vingapi vingetokea tu."

"Eh! Mnajuaje?" Mama akamgeukia mzima mzima.

"Tunaunda kwenye kompyuta dunia ambayo watu hawakuchoma makaa ya mawe wala mafuta. Tunaona joto lingefika wapi, kisha tunalinganisha. Kwa hesabu yetu, katika kila popo kumi waliokufa, saba wangekuwa hai."

"Haya." Mama akafunua kitambaa, macho mawili meusi yakachungulia. "Mama wa huyu yumo katika wale saba, au katika watatu?"

Kijana akafungua daftari, akalifunga. "Hesabu haisemi mmoja mmoja, mama."

"Mimi niliwaokota mmoja mmoja."

Tramu ikasimama. Kilikuwa kituo cha mwisho, lakini kijana hakuinuka.