Naomba Utoke Kidogo, Nadeki

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nalepo Nathanael. Alikuwa mfagiaji wa zahanati moja ya binafsi hapa Sokon I. Alifariki Jumatatu, akiwa na miaka sitini na mbili. Alhamisi tulimzika Ngaramtoni, na nyuma ya jeneza walitembea wanawake wengi ambao familia yenyewe haikuwafahamu.

Nitawaeleza walitoka wapi.

Ni mwaka 1993. Zahanati za binafsi zimeruhusiwa tena, na watu wanashuka kutoka magharibi ya Mlima Meru kutafuta matibabu mjini. Wanawake wengi wanajua Kimaasai tu. Mganga, Bwana Abdiel, ni Mchaga, Kimaasai hakijui. Kwa hiyo mwanamke akiumwa, anayemsemea ni mwanamume aliyemleta.

Asubuhi moja Mzee Lerionka anamleta Namnyaki, mke wa mwanawe. Mganga anauliza shida. Namnyaki anainamisha uso, anamjibu mkwewe kwa Kimaasai. Mzee anatafsiri: "Kichwa, daktari. Kinamuuma kichwa." Mganga anaandika dawa ya kichwa.

Mzee huyu hakudanganya, wasikilizaji. Ndivyo alivyoambiwa. Aliacha ng'ombe wake, akatembea na binti huyo tangu alfajiri. Lakini kwa desturi yao, mambo ya uzazi hayatamkwi mbele ya baba mkwe. Namnyaki alikuwa tayari kufa nayo.

Nalepo alikuwa mlangoni na ndoo yake. Naye ni Mwarusha, lugha yao ni ileile ya Kimaasai. Alimwona binti akishika ukuta ili ainuke. Akaingia.

"Shikamoo mzee. Naomba utoke kidogo, nadeki."

Mganga akashangaa. "Nalepo, si umedeki hapa sasa hivi?"

"Pamechafuka, daktari."

"Wapi?"

"Mzee akitoka nitakuonyesha."

Mzee akatoka. Nalepo akafunga mlango, akachuchumaa karibu na binti. Namnyaki mwenyewe ananisimulia: "Aliniambia, mwanangu, sasa tuko wanawake, na huyu daktari hasikii lugha yetu. Sema. Nikalia. Nikamwambia mimba imeharibika, damu inatoka, leo siku ya tatu."

Mganga alikuwa ameshakasirika. "Wewe umeajiriwa kudeki au kutibu?"

"Kudeki, daktari. Lakini huyu anatoka damu siku ya tatu."

Mganga akachana kile cheti cha dawa ya kichwa. Nusu saa baadaye Namnyaki alikuwa kwenye pikapu, anapelekwa hospitali kubwa. Akaongezewa damu. Akapona. Leo ana watoto watatu.

Tangu siku ile, chumba kile kilidekiwa hata mara saba kwa siku. Mume akimsemea mkewe, Nalepo anaingia na ndoo. Shemeji naye, nje. Alihakikisha pia kwamba mwanamke haondoki kabla hajarudia maelezo ya dawa kwa kinywa chake. "Sasa niambie wewe," anasema. Akikosea, wanaanza upya. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, kwa cheo kilekile cha mfagiaji.

Na Mzee Lerionka? Ndiye aliyeleta wengi kuliko mtu yeyote. Akifika, anakaa kwenye benchi la nje bila kuambiwa. "Ingia," anamwambia binti. "Mtafute yule wa ndoo. Mimi sina kazi humo."

Siri za wanawake hao Nalepo hakumpa mtu. Binti yake, Ruth, anasema: "Tulikuwa tunamuuliza, mama, leo kulikuwa na nini kazini? Anatujibu, sakafu ilikuwa chafu."

Kwako Ruth, na ndugu wote wa Ngaramtoni, poleni sana. Mungu awape nguvu, na ampokee mama yetu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kesho utampeleka mkeo, mama yako, au mke wa mwanao zahanati. Muuguzi atauliza anaumwa wapi. Kabla hujafungua kinywa, mtazame uliyemleta. Kisha nenda kakae nje.