Suti ya Mwili Ujao

— Vuta pumzi ndani.

— Nimevuta.

— Hiyo ndiyo ndani?

— Hiyo ndiyo ndani yote niliyo nayo, Mama Nzula. Wewe ulikata kitambaa kidogo. Sema tu ukweli.

— Nilikata ulichoniambia. Ulisimama hapa hapa mwezi wa tano ukasema, kata kiuno cha thelathini na nane, nitakifikia. Nikakuuliza mara mbili. Ukasema wewe siku hizi unatembea. Sasa hiyo thelathini na nane iko wapi?

— Iko njiani inakuja.

— Harusi ni Jumamosi. Iambie ipande boda.

Waliokuwa wakivutana mlangoni ni watu wazima wawili. Kavutha, ambaye kila mtu hapa Waithaka humwita Mama Nzula, ni fundi wa nguo. Zedekiah anauza misumari na mabati katika duka moja River Road, na kwa sababu ana mwili wa gunia la mahindi, kijiwe kilimpa jina la Msumari. Benchi liko chini ya dirisha la Mama Nzula, na ni langu. Naitwa Kanini, nina miaka kumi na saba. Niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, na tangu hapo nauza kahawa ya tangawizi kwa thamosi mbili. Siku hiyo, Jumatano saa tisa alasiri, wateja walikuwa wawili tu. Mmoja ni Mzee Kiarie, ambaye zamani alivuta mnyororo wa wapima ardhi, ndiyo maana anaitwa Ramani, ingawa usoni humwita Guka, yaani babu. Wa pili ni Masila wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa kuwa haamini katika kuzitumia.

Suti ile haikuwa ya kujipamba. Janice, binti pekee wa Msumari, anaolewa Jumamosi, na kwetu bibi arusi hapelekwi na gari hadi mlango wa kanisa. Anashukia getini, chini kabisa, kisha watu wake wanampandisha mlima kwa nyimbo, baba yake mbele amemshika mkono. Mlima wenyewe ni mkali. Mwaka jana, kwenye harusi ya mpwa wake, Msumari alipumzika mara tatu, na alipofika juu wimbo ulikuwa umekwisha na watu wameketi. Kwa hiyo kamati ikaamua kwamba safari hii Haron, mdogo wake, ndiye atakayempandisha Janice, na baba mtu asubiri kanisani kwenye kiti. Msumari akaomba miezi miwili. Akasema atatembea mpaka apungue, na suti ndiyo itakayokuwa shahidi. Ikifunga, atapanda yeye. Isipofunga, apande Haron. Janice alikuwa aje saa kumi kusikia jibu.

— Soma tena, — Msumari alisema.

Mama Nzula akamzungushia futi kiunoni kwa mara ya tatu.

— Mwezi wa tano ulikuwa arubaini na mbili. Leo ni arubaini na tatu. Umetembea miezi miwili ukaongeza inchi moja.

— Labda futi yako imevutika, Mama Nzula, — Breki alisema. — Kitu ikitumika sana inavutika. Hata cheni ya boda.

— Ingevutika ingemwonyesha mdogo, si mkubwa.

Breki akanywa kahawa kidogo, akafikiri.

— Basi imerudi. Ilinyeshewa.

— Wacheni futi ya wenyewe, — Ramani alisema, na alipoweka kikombe chini tulijua mhadhara umeanza. — Shida ni mteremko. Waithaka iko juu, mjini kuko chini. Nimepima hiyo nchi kwa mikono yangu. Asubuhi huyu anashuka kwenda kazini. Sasa mtu anayeshuka hatembei, anatembezwa na ardhi. Jioni anarudi na gari. Kwa hiyo miezi miwili yote huyu hajatembea hata hatua moja. Ameanguka polepole mpaka River Road.

— Nimeanguka kila siku, Guka? Kutoka hapa, nipite Kawangware, mpaka mjini?

— Kila siku. Si wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka?

— Mimi sijapanda ngazi yoyote.

— Ndiyo hiyo shida yako.

Msumari akatoka mlangoni na koti likiwa wazi, akaja kuketi. Benchi lilitoa sauti, nami nikamsogezea kikombe chake cha kawaida, kahawa chungu bila sukari. Kwangu hajagusa sukari wala andazi tangu mwezi wa tano, na hilo ningeweza kuliapia.

— Wazee, mimi naona ni kitu ingine, — Breki alisema. — Asubuhi mapema pale Kawangware, si mmeona watu wanavyoteremka kwa miguu kwenda viwandani? Kuna mnene hata mmoja? Hakuna. Na hawana hata viatu vya mazoezi. Kwa nini? Kwa sababu hao hawatembei kupunguza. Wanatembea kufika. Mwili ni kitu mjanja. Ukiuambia, leo nakupunguza, unajificha. Ukiuambia, twende kazi, unajisahau, unayeyuka.

Sikucheka. Mama yangu alitembea hivyo miaka sita, na ni kweli alikuwa mwembamba, lakini sidhani ilikuwa kwa sababu mwili wake ulijisahau.  Niliongeza kahawa kwenye kikombe cha Ramani.

— Kwa hiyo niudanganye mwili? — Msumari aliuliza.

— Uudanganye. Sukuma toroli hata. Utembee kama mtu ako na shida.

— Lakini mazoezi nilienda kuyasomea kwa wenye nayo. Nilitembea mpaka Loresho, kule kwa matajiri.

— Loresho kufanya nini? — Mama Nzula aliuliza kutoka ndani, pini zikiwa mdomoni.

— Kuna binamu yangu anaishi huko. Watu wa huko wanatembea kila jioni, tena kwa raha, kila mmoja na mbwa wake. Nikaingia kwenye msafara. Askari wa geti akanisimamisha, akaniuliza kwa heshima kabisa, mzee, mbwa wako amepotelea wapi.

Breki aliegemea ukuta akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye jaketi.

— Ukamwambia?

— Nikamwambia natembea kupunguza mwili. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, basi karibu, mzee, barabara ni ndefu.

— Mnacheka, na jibu ni hilo hapo, — Ramani alisema. — Mbwa ndiye anayepunguza. Mbwa anavuta kamba, mkono unavutika, mafuta yanatoka kwa bega. Mtu bila mbwa anayatikisa tu. Na mafuta yakitikiswa yanafanya nini? Uliza mama yeyote anayetikisa maziwa kwa kibuyu. Yanaganda.

— Kwa hiyo Baba Janice ni siagi, — Mama Nzula alisema.

— Mimi nasema sayansi. Siagi umesema wewe.

Msumari hakucheka mara hii. Alitazama saa yake, kisha akatazama barabara.

— Bandu bandu huisha gogo, — alisema, kama mtu anayejifariji.

— Gogo lako limeota matawi, — Mama Nzula alimjibu.

— Na msiniambie ati mimi nashuka tu, Guka. Jioni je? Jumapili je? Uthiru nimepanda. Kinoo nimepanda. Kadi za harusi nimeshapeleka nyumba hamsini na nne kwa miguu yangu, nazo ziko kwa milima yote. Mtu mzima haitwi harusini kwa simu. Nikasema, badala ya kutembea bure, nitembee na kadi. Zimebaki kama kumi tu.

Akapigapiga bahasha kubwa ya kaki aliyokuwa ameiweka magotini. Ramani akakiinua tena kikombe chake. Breki naye akaanza kuhesabu nyumba kwa vidole.

Mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wazee. Lakini kitu kilinisumbua, kwa sababu najua nyumba za watu wa kwetu, na najua mgeni hufanyiwa nini.

— Baba Janice, — niliuliza, — huko unakopeleka kadi wanakukaribisha nini?

 Cherehani ya Mama Nzula ilisimama.

— Chai, — Msumari alisema hatimaye.

— Chai tu?

— Chai na kitu kidogo. Viazi vitamu. Kwa Mercyline ilikuwa chapati, lakini hizo alikuwa ameshapika. Kwa wazee wa Kinoo walichinja kuku, sasa kuku ameshachinjwa wewe utasema nini? Umwambie arudi?

— Nyumba hamsini na nne, — Mama Nzula alisema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

— Na huwezi kukataa, — Ramani alisema upesi. — Hapo simlaumu. Umeleta habari ya harusi halafu unakataa chai? Watasema hiyo harusi iko na maneno. Watasema mtoto amelazimishwa.

— Hata mimi nisingekataa, — Breki alisema. — Kuku hata kama sijui harusi ni ya nani.

— Chai ya maziwa? — Mama Nzula aliuliza.

— Ya maziwa.

— Sukari?

— Wanaweka kwa sufuria. Utaitoaje?

— Haba na haba hujaza kibaba, — Mama Nzula alisema. Akakaa pale pale kwenye kizingiti, akacheka taratibu, mabega yakitetemeka, mpaka akaanza kujifuta macho kwa ncha ya futi. Breki akamfuata, kisha Ramani. Nami nilicheka, nakiri.

Msumari alijaribu kucheka nao, akashindwa. Alivua koti polepole, akalikunja na kuliweka juu ya bahasha.

— Basi, — alisema. — Mwambieni Haron apige viatu vyake rangi.

 Ni vibaya kumcheka mtu halafu ugundue yeye hakuwa kwenye mchezo. Nilimmiminia kahawa nyingine, ingawa hakuwa ameimaliza ya kwanza.

Janice alifika saa kumi kasorobo. Ni msichana mrefu, anatembea kama anayejua anakokwenda. Alinisalimia, sasa Kanini, akawaamkia wazee, kisha akaliona koti magotini na uso wa baba yake juu ya koti.

— Halikufunga, — Msumari alisema kabla hajaulizwa.

— Imebaki kiasi gani?

— Inchi tano, — Mama Nzula alisema, lakini kwa upole.

Janice akakaa kwenye ukingo wa benchi. Alitazama viatu vya baba yake, raba nyeusi ambazo soli zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka zikaonekana kuinama. Alizitazama muda.

— Baba, leo umetoka wapi?

— Kwa mzee wa kanisa. Tulimpelekea kadi, mimi na Guka hapa. Leo ni siku yangu ya kwanza ya likizo ya harusi.

— Nyumba ya mzee wa kanisa si iko juu, nyuma ya kanisa?

— Iko huko.

— Kwa hiyo mlipanda kutoka getini.

— Njia ni hiyo moja.

— Ulipumzika wapi?

  Msumari alitazama juu kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Akamgeukia Ramani, na Ramani akawa anasoma kikombe chake. 

— Guka? — Janice alisema.

— Kulikuwa na kusimama, — Ramani alisema. — Hilo sikatai. Pale kwa tangi la maji, na tena kwa ule mti.

Msumari akainamisha kichwa.

— Nani alisimama, Guka?

Ramani akakohoa.

— Mimi. Mguu wangu huu uko na historia.

— Na Baba?

— Alikuwa ananingoja. Anaimba, tena kwa sauti. Nikamwambia anyamaze nipate pumzi, akasema anafanya mazoezi ya ubeti wa pili.

Janice alimtazama baba yake. Msumari naye alikuwa akijitazama, kifuani, kama mtu aliyeambiwa ana kitu mfukoni asichojua kilifikaje.

— Ni kweli, — alisema. — Sikupumzika. Hata Jumapili sikupumzika. Sikuona.

— Sasa nimeelewa, — Ramani alisema, na sauti ya mhadhara ikarudi. — Mapafu yamepanuka. Yakipanuka yanataka nafasi, yanasukuma tumbo mbele. Ndiyo maana koti halifungi. Hiyo inchi yote ni pumzi.

— Na kuku wa Kinoo? — Breki aliuliza.

— Kuku ni mbolea.

Janice hakuwasikia. Alikuwa ameshatoa simu.

— Ankol Haron? Niko kwa Mama Nzula. Jumamosi wewe utakaa kanisani, ushike viti vya mbele. Baba ananipandisha. Hapana, halikufunga. Ataliacha wazi. Mimi nataka tu afike juu akiwa bado anaimba.

Msumari aliinuka, akaligeuzia benchi mgongo na kujifanya anakung'uta vumbi kwenye suruali, na hakuna aliyemharakisha. Breki aliagiza kahawa kwa wote, thamosi ya pili ikaisha palepale. Mama Nzula alilichukua koti na kuligeuza ndani nje. Akasema atafumua mbavuni, aweke kipande kila upande, na watu wakiona mshono waseme ni mtindo.

— Acha basi nikimbie Uthiru kabla jua halijashuka, — Msumari alisema, bahasha tayari kwapani, uso umemfunguka kama wa mtoto aliyefunga shule. — Nyumba nne tu. Natembea, narudi.

Mama Nzula alikuwa amesimama mlangoni, koti mkono mmoja, mkasi mkono wa pili.

— Tembea utakavyo, Baba Janice, lakini hizo kadi ziache hapa.