Kibao cha Pangoni

Asubuhi hiyo benchi la kijiweni, pale njia ya pangoni inapoachana na njia ya ufukweni, lilikuwa limebeba wanaume watatu na kibao kimoja. Kibao kilikuwa kikubwa kama mlango wa choo, kimepakwa rangi nyeupe, na Fundi Rangi alikuwa amekilaza mapajani, brashi mkononi. Ofisi ya utalii ilikuwa imempa mpaka saa sita mchana aandike historia ya pango, maneno yasiyozidi arobaini, kisha kibao kisimikwe kwa zege. Kwa hiyo akaja kwa mwenye maneno. Mwenye maneno ni Redio, aliyetembeza wageni kwa miaka ishirini na sita, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu tangu aanze kazi, na hilo hulisema mwenyewe bila kuulizwa.

Redio alikuwa na furaha ambayo hakutaka ionekane. Wanawe hawakuifuata kazi yake, magoti yameanza kumgomea kwenye ngazi za pango, na siku si nyingi angeacha. Lakini kibao kingebaki pale pale kikisema alichokuwa akisema yeye. Akakohoa kidogo, akaanza.

— Andika juu kabisa, Pango la Bibi Harusi. Halafu chini: hapa aliingia binti aliyekuwa akiozwa kwa nguvu, na nguo zake za harusi mwilini, hakuonekana tena.

— Lini? Fundi Rangi akauliza.

— Zamani.

— Zamani ya babu au zamani ya juzi?

— Andika zamani. Wageni hawajawahi kulalamika.

Nahodha, anayewapeleka watalii kutazama matumbawe kwa boti yenye kioo chini, akasema samahani, kuonekana alionekana. Yeye kila siku huwaonyesha wageni shela la binti huyo, jeupe, limetanda chini ya maji. Fundi Rangi alipotaka kujua mbona halijaoza miaka yote hiyo, akajibiwa kwamba nguo za zamani zilikuwa nguo. Dada wa kahawa, anayeuza hapo kando ya benchi, naye akatia lake huku akimimina. Pango lina njia ya chini kwa chini mpaka ng'ambo ya bahari, na mbuzi wa jirani yake aliingia humo Jumatatu, Alhamisi akatokea nyuma ya soko la huko, amenenepa.

— Amenenepa kwa kula nini humo gizani? Nahodha akauliza.

— Kaka, mimi nauza kahawa. Ya mbuzi muulize mbuzi.

Wakacheka, Redio kwa shingo upande. Akawaambia hiki ni kibao cha serikali, historia haichezewi. Alipolisema hilo aliona haya kidogo, kwa sababu bibi harusi alimbuni yeye mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini, mgeni mmoja alisimama mbele ya pango akasikitika kwamba ni shimo tu, halina hadithi. Redio hakutaka mtu asafiri mbali vile aondoke mikono mitupu, binti akamtoka mdomoni. Mwaka wa pili madereva wakamdaka, wa tatu akaingia kwenye ramani za hoteli. Sasa hata wajukuu wa Redio humwogopa.

Fundi Rangi alikuwa amemaliza mstari wa kwanza, kwa herufi nzuri za bluu, alipotokea mama mmoja kutoka ufukweni, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Akawaamkia shikamooni, wakaitikia, wakamsogezea nafasi. Alikuwa mwalimu wa shule ya ng'ambo, amekuja kukagua njia kabla ya kuwaleta wanafunzi wake wiki ijayo. Redio akamsimulia habari za bibi harusi kwa utulivu, bila shela wala mbuzi. Mwalimu akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akakitazama kibao.

— Na kabla huyo bibi harusi hajaingia, baba, palikuwa panaitwaje?

Dada wa kahawa akasema yeye kaolewa tu huku. Nahodha akasema kwao ni upande wa pili wa kisiwa. Fundi Rangi akasema aulizwe mwenyeji, na wote wakamgeukia Redio.

Redio akafungua kinywa kama alivyozoea, akalitafuta jina. Jina lilikuwepo, hilo alilijua. Mtaa mzima ulilitumia wakati watu walipokuwa wakiteka maji baridi humo, hoteli bado hazijajengwa. Majina mawili matamu yalimjia hapo hapo, ya kubuni, angeweza kulitoa moja na mwalimu angeliandika kwenye daftari lake. Hakuweza. Iliuma kuliko alivyotegemea.

— Mama alikuwa akinituma maji humo, akasema polepole. Asubuhi na jioni. Ananipa ndoo, ananiambia, mwanangu, kimbia upesi pale...

Rangi ya bluu ilidondoka kwenye brashi ikamchafua Fundi gotini, hakuifuta.

— Pale wapi? akauliza.

Redio aliisikia sauti ya mama yake yote, mpaka ule ukali wake wa asubuhi, isipokuwa neno lile moja.

— Alikuwa anapataja, akasema. Kila siku alikuwa anapataja.