Majani ya Mkunazi na Kichwa cha Mdogo Wangu

Assalaam alaikum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi mabinti mliojibanza kule karibu na mlango. Dua tumemaliza, kahawa inachemka, nami nimeambiwa niseme kabla hamjatawanyika. Kiongozi wetu aliniomba nieleze jambo lililowahi kunishinda. Nikamwambia yapo mengi. Akasema chagua moja. Nimechagua nywele.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka.

Mimi nimezaliwa Kerege, na haya ninayosema yalitokea miaka michache kabla ya vita vya pili. Baba alikufa kwa homa. Mama akabaki na sisi wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye simtaji jina kwa sababu yumo humu ndani na hivi sasa ananikodolea macho. Kati yangu na yeye walizaliwa watoto wawili, wote wakafa hawajajua kutambaa. Kwa hiyo huyu alipozaliwa mama aliweka nadhiri: kichwa chake hakitaguswa na wembe wala kitana mpaka afunge Ramadhani yake ya kwanza, mwezi mzima. Idi ya mwaka huo ndipo anyolewe, mbele ya watu. Nadhiri ikivunjwa kabla ya hapo, mama aliamini mtoto atawafuata wenzake. Nami niliamini, maana mama ndiye aliyesema.

Nywele zisizochanwa hujisokota zenyewe. Alipotimiza miaka minne mdogo wangu alikuwa na mashungi kichwa kizima, manene kama kamba ya kufungia mbuzi, yamemfika mabegani. Na yalikuwa safi. Kila Alhamisi mama alitwanga majani makavu ya mkunazi, akayaroweka, akamwosha, akamkalisha juani mpaka yakauke, kisha akampaka mafuta ya nazi kidogo sana kwenye ngozi ya kichwa. Niliyaona yote hayo, lakini sikutazama. Nilikuwa darasa la pili, nina mambo yangu.

Mama akaugua kifua. Siku moja akanishika mkono, akasema, "Mdogo wako usimwachie mtu. Na kichwa chake kisikauke." Basi. Hakunipa neno jingine baada ya hilo, na asubuhi yake alikuwa ametutoka.

Akaja mwosha maiti wa pale kwetu. Alikuwa bibi mrefu, mkimya, na sisi watoto tulikuwa tukimwona tu njiani tunajificha. Akachungulia jikoni, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mna majani ya mkunazi humu?" Nikampa kikapu cha mama. Nikaambiwa nitwange. Nikatwanga. Pazia lilikuwa halikufungwa vizuri, nami nikaona povu lile lile la kila Alhamisi likipita kwenye nywele za mama.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Walipokwisha kurudi kutoka makaburini nilichukua majani yaliyobaki kikapuni nikayatupa chooni. Kwangu mimi tangu saa ile yalikuwa majani ya maiti, na sikutaka yamguse mtoto aliye hai. Sikumwambia mtu. Shule nikaacha, nikashika jembe la mama, na kichwa cha mdogo wangu nikakishika kwa lile neno nililoachiwa: kisikauke.

Nilimpaka mafuta asubuhi na jioni. Nilikamua tui na kupika mafuta mwenyewe, na sikujua kuchuja. Vipande vya chicha vilibaki ndani ya mafuta, nami nikavisukuma ndani ya mashungi pamoja nayo. Baada ya miezi miwili kichwa kikaanza kunuka nazi iliyochacha. Nikamfukiza ubani ili harufu iondoke, ule moshi ukaganda kwenye mafuta. Nikasikia kuwa majivu hunyonya mafuta, nikampaka majivu. Yakawa udongo wa kukandikia nyumba. Ukibonyeza shungi moja kwa kucha, kilitoka kitu cheupe cheupe kama nta, na ndani yake vumbi, nyuzi za kanga, chicha na jivu. Siku ya mvua yalilowa, na hayakukauka tena. Yalikuwa mazito hata mtoto akawa anatembea na shingo upande.

"Dada, kichwa changu kinatembea," aliniambia.

"Kinatembea kwenda wapi?"

"Ndani kwa ndani."

Nikapasua njia kati ya mashungi nikaona vidonda. Nikapaka mafuta. Ndiyo, mama zangu, nilipaka mafuta! Nilikuwa na dawa moja tu.

Chuoni, kwenye Kurani, wenzake wakamwita Chicha. Mwalimu akamrudisha nyumbani, akasema nzi wanamfuata mpaka kwenye msahafu. Jirani mmoja akanishauri nikamnyoe nimalize, mwingine akanikataza kabisa nisithubutu. Wote wawili walikuwa wameziba pua. Nililia nikiwa shambani, maana nyumbani mtoto angeniona.

Siku ya Jumatatu baba mdogo akaja kutoka Lugoba. Si mtu mbaya, na leo nasema alikuwa na haki ya kuogopa. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, huyu anaoza kichwa na wewe unamlindia nadhiri?"

"Mama alisema, baba."

"Mama yako hayupo aone. Ijumaa narudi na wembe."

Ningefanya nini? Nikimwachia anyoe, namuua mdogo wangu kwa kuvunja nadhiri. Nikikataa, vidonda vitamuua vyenyewe. Nilizunguka na mambo hayo mawili kama ng'ombe anayezungusha kinu cha kukamulia ufuta, kila ninapofika ni pale pale nilipoanzia.

Jumanne nikampeleka kisimani na kipande cha sabuni ya mche. Nyinyi mnakijua kisima kile, maji yake yana chumvi. Sabuni ilikataa kutoa povu. Nilisugua mpaka mikono ikaniuma, na badala ya kutakata, mashungi yakavaa utando mweupe, yakanata zaidi. Mtoto akapiga kelele kwa ajili ya vidonda. Nikakaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimefika mwisho wa ujuzi wangu wote.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Nageuka, mwosha maiti, na ndoo yake. Nikaruka nikasimama mbele ya mdogo wangu.

"Usimguse!"

Bibi akaweka ndoo chini. "Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, bibi. Usimguse."

"Marahaba. Usiogope, mimi sina haraka na mtu." Akacheka peke yake. Kisha akachukua shungi moja, akalinusa, akalibonyeza, akatazama kidole chake. "Mama yako alikuwa akimwosha kwa nini?"

Nikamvuta mtoto kwangu. Akauliza tena, kwa upole. Hapo nikasema yote: kikapu, pazia, povu, choo, na lile neno la mama, kisikauke. Nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo hata mara moja, na lilipotoka lilitoka na makamasi.

Bibi akakaa nami kwenye matope, na nguo yake safi.

"Nani alikuambia mkunazi ni wa maiti? Mama yako aliuogea tangu utoto, na mama yake pia. Sisi humwosha mtu kwa kile alichokizoea, asione ugeni." Akakigusa kichwa cha mtoto. "Na kisikauke, mwanangu, ni ngozi. Hakusema ukaange."

Akatuchukua kwake. Alikuwa na pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Siku ile alianza na ndimu iliyochanganywa na maji mengi, kutoa ule utando wa sabuni, na mdogo wangu alilia kwa ndimu kwenye vidonda mpaka sauti ikakauka. Kisha majani, yaliyotwangwa laini na kurowekwa kwenye maji ya vuguvugu. Akanionyesha kazi yenyewe: husugui. Unashika shungi moja, unalijaza povu, unalikamua kutoka shinani kwenda nchani, kama unavyokamua kiwele. Kisha maji safi. Kisha unarudia hilo hilo mpaka maji yatoke yalivyoingia, ndipo uende kwa jingine. Beseni la kwanza lilitoka kama maji ya kuoshea samaki. La nne lilikuwa bado linatoa chicha. Jumatano tukaendelea. Kila tulipomaliza tuliyafinya kwa kanga kuukuu, tukamkalisha juani, na bibi hakukubali aondoke juani mpaka ndani ya shungi pakauke.

Alhamisi mashungi mawili ya kisogoni yakabaki mkononi mwangu.

Hapakuwa na wembe. Yalikuwa yameota ukungu kwa ndani, yakakatika yenyewe. Nikayatazama. Nikasema, bibi, nimemuua. Bibi akayatwaa, akayafunga kwenye kitambaa, akasema, "Nadhiri ya mama yako ilikuwa juu ya wembe. Wembe uko wapi?" Alisema kwa uhakika, lakini niliona na yeye ameutazama uso wa mtoto kabla ya kusema.

Ijumaa baba mdogo akafika na wembe mfukoni. Akamkuta mtoto kwenye mkeka, juani, mashungi yamesimama mepesi, vidonda vinakauka. Akainama, akanusa. "Ni yule yule?"

Bibi akamjibu, "Ni yule yule. Bwana, rudisha wembe wako. Mimi nimekwisha mwosha, na bado anapumua. Si kila siku napata bahati hiyo."

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho, na hayakuwa machozi ya kucheka.

Sitawadanganya kwamba hofu iliisha pale. Kwa miaka minne, kila mtoto alipopata homa nilikumbuka mashungi mawili kwenye kitambaa. Lakini kila Alhamisi nilitwanga, nikaosha, nikaanika. Akafunga Ramadhani yake, mwezi mzima, ingawa nilimkamata mara moja na embe mdomoni, akaniapia alikuwa analinusa tu. Siku ya Idi akanyolewa. Mama hakuwapo kuona kichwa kile kinavyong'aa.

Mama zangu, nisiwachoshe. Mimi sikukosa bidii, na mdogo wangu hakukosa mapenzi. Nilikuwa na bidii nyingi sana juu ya kitu nisichokijua, na niliona aibu kuuliza. Wenye malezi ya yatima humu ndani, msingoje mpaka mkae kwenye matope. Ulizeni mapema, hata kwa yule mnayemkimbia njiani. Namshukuru baba mdogo, aliyenitia hofu nikatoka nyumbani. Namshukuru mdogo wangu kwa kunivumilia mimi na ndimu. Na namshukuru bibi yule, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka juzi alitutoka, na tulioitwa kumwosha tulikuwa sisi wawili. Mimi nilikaa jikoni kwake natwanga. Mdogo wangu akachungulia mlangoni, kama alivyochungulia bibi kwetu siku ile, akaniambia, "Dada, maji yasiwe ya kisimani."

Tukamwosha kwa maji ya mvua, tukayakamua mashungi yake ya mvi kutoka shinani kwenda nchani. Maana hamkujua hilo, hata mimi sikujua. Alikuwa nayo siku zote, chini ya ushungi.

Kikapu kiko pale mlangoni. Majani nimeyakausha wiki hii. Kila mwenye mtoto achukue.