Mzunguko wa Pili

Kijiwe cha wanywa kahawa wa mtaa kilikuwa benchi refu mbele ya kibanda cha kinyozi, ng'ambo ya kiwanja kidogo cha ndege, na mwenye birika lake ni Mama Kahawa. Mtaa mzima ulimjua rubani wa kindege kilicholeta dawa za zahanati na desturi yake: kwanza anapita chini kufukuza mbuzi na watu, anapunga bawa, anazunguka, ndipo anatua. Kwa hiyo kila alipopita mara ya kwanza, waliokuwa wakikatiza kiwanjani hawakuharakisha hata kidogo. Juzi alikuja kutua moja kwa moja, injini ikikohoa, akamkuta Mama Kahawa katikati ya kiwanja na birika lake. Akainua pua ya ndege, akampita juu ya kichwa, akaanguka shambani. Alikuwa peke yake, na hakupona. Leo Mama Kahawa anamimina kahawa nje ya vikombe, na watu wa benchi wanajifanya hawaoni.

— Ule upepo ulikuwa balaa, alisema Kinyozi. Hakuna rubani angeuweza.

— Upepo gani? alidakia Mzee Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Nguo zangu kambani hazikutikisika. Ni kunguru wale. Kundi zima liliingia kwenye injini!

— Kunguru! Dereva wa Lori akaguna. Dume lile lingewakwepa kunguru huku limesinzia. Jamani, shambani kule kuna jiwe la sumaku, linavuta vyuma. Hata lori langu likipita pale linalalia upande.

— Lori lako linalalia upande tangu ulinunue, alisema Kinyozi.

Wakacheka, kisha wakamtupia Mama Kahawa jicho la wizi. Naye alikuwa ameshawaelewa. Tangu asubuhi walileta upepo, kunguru na sumaku, ili mradi yeye asitajwe. Aliwapenda kwa hilo, na lilimuuma vilevile.

— Bawa lile alikuwa ananipungia mimi, alisema Kinyozi polepole.

— Wewe nani? alidakia Dereva. Mimi! Yule alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Hapo akatokea mchora mabango, ubao wa kumbukumbu waliomwagiza ukiwa kwapani, kopo la rangi mkononi.

— Shikamooni, wazee. Nimeandika "Hapa alianguka shujaa wetu". Jina lake nani?

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akamtazama Mzee Redio. Mzee Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

— Si... Rubani?

— Hiyo ni kazi yake, mzee. Nataka jina.

Mama Kahawa akaweka birika chini. Msiba ulikuwa kwa mama wa rubani, mtaa wa pili tu, lakini tangu juzi hakuthubutu kwenda. Angemtazama mama wa watu kwa macho gani?

— Acha nafasi hapo kwenye jina, alisema akijitanda mtandio. Nakwenda kwa mamake.

— Ukamwambie nini, dada yangu?

— Kwamba mwanawe alinikwepa mimi. Halafu nitamuuliza alimpa jina gani.

Dereva akawa wa kwanza kusimama na kumfuata. Benchi likabaki tupu, na kahawa ikapoa birikani.